Trauma ya Penalti, Arosto ya Chai: Istilahi za Saikolojia Zinapoingia Mtaani

Siku hizi mtu hakasiriki, anaathirika kisaikolojia. Timu ikifungwa mabao matatu, mchambuzi redioni anasema wachezaji walikuwa wameshaharibiwa kisaikolojia kabla ya kipenga cha kwanza. Binti aliyeachwa na mchumba wiki iliyopita anawaambia wenzake ana trauma. Bosi anayetaka kalamu zake zilale mstari mmoja husemwa ana OCD, mpenzi asiyependa kukosolewa ni narsisi, na jirani aliyecheka asubuhi akanuna jioni ni bipola. Kijana aliyeishiwa bando saa moja tu ana arosto. Miaka thelathini iliyopita mengi ya maneno haya hayakusikika katika mazungumzo ya Kiswahili, na yaliyosikika yalikuwa na wenyewe: madaktari, washauri nasaha, wagonjwa wao na watu wa vijiweni.

Wapo wanaosikia haya wakacheka na kupita. Wapo wanaong'aka kwamba kizazi cha sasa kimelegea, kila kikwazo kwake ni ugonjwa. Na wapo wanaoshukuru kwamba hatimaye yanasemwa hadharani mambo yaliyokuwa yakizikwa na wenyewe. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini suala lenyewe limewazidi umri wote hao. Istilahi za saikolojia zimekuwa zikibadilika maana tangu taaluma hiyo ilipozaliwa, na hazibadiliki ovyo. Zina njia zinazojulikana: nyingine hupanuka, nyingine hugeuka matusi, nyingine hupotoka, na nyingine hufanya safari ya kinyume, zikatoka barazani zikaingia kliniki. Ukizifuata njia hizo moja baada ya nyingine utaona kwamba kutumiwa na watu wengi hakulidhuru neno. Madhara huanza pale jina linaposhika nafasi ya maelezo, na anayeyabeba ni yule mgonjwa ambaye hakuwa na neno jingine.

Maneno yanapopanuka

Mwaka 2016 Nick Haslam, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, alichapisha makala iliyozua mjadala mkubwa. Alichukua dhana sita: unyanyasaji, uonevu, trauma, ugonjwa wa akili, uraibu na ubaguzi, akafuatilia jinsi wanataaluma walivyozitumia kwa miongo kadhaa. Akakuta zote zimetanuka, na zimetanuka kwa pande mbili. Zimeshuka chini, zikabeba mambo mepesi kuliko yale ya mwanzo. Tena zimeenda kando, zikakusanya mambo ya aina nyingine kabisa. Uonevu, kwa mfano, Dan Olweus aliyeuchunguza katika shule za Skandinavia miaka ya 1970 aliuwekea masharti matatu: uwe wa makusudi, urudiwerudiwe, na anayeonea awe na nguvu kuliko anayeonewa. Leo maoni mamoja ya kejeli chini ya picha huitwa uonevu wa mtandaoni, hata kama aliyeyaandika na aliyeandikiwa ni watu wa kimo kimoja waliotukanana mara moja wakaachana.

Trauma ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Kwa Kigiriki lilikuwa jeraha tu, na madaktari wa upasuaji hadi leo hulitumia hivyo hivyo kwa majeruhi wa ajali. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, aliandika juu ya abiria walionusurika katika ajali za treni. Miilini hawakuwa na kidonda cha kutosha kueleza hali zao, ila walikuwa wakitetemeka, hawalali, wanasahau. Yeye aliamini uti wa mgongo ndio uliotikiswa. Mwaka 1889 Hermann Oppenheim wa Berlin akaandika juu ya maradhi ya neva yanayofuata jeraha, na polepole neno likaanza kuhama kutoka mgongoni kwenda akilini. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta maelfu ya askari waliopooza na kububujikwa na machozi bila kuguswa na risasi.

Mwaka 1980, baada ya madai ya miaka mingi ya askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kiliingiza katika mwongozo wake wa utambuzi, DSM, ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama PTSD. Mlango ulikuwa mwembamba. Tukio lilitakiwa liwe nje ya yale ambayo binadamu huyapitia kwa kawaida: vita, kubakwa, kuteswa, janga kubwa. Toleo la 1994 likaupanua mlango, hata kupata habari ya tukio lililompata mtu wa karibu kukaweza kuhesabiwa. Toleo la 2013 likaubana tena kidogo, likaeleza kwamba kuona maafa kwenye televisheni au picha hakutoshi, isipokuwa kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuwalaumu vijana kwa kulitanua neno hili ajue kwamba wataalamu waliwatangulia.

Kwa Wakenya wengi trauma ilikuja na msiba. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walikatwa na vioo, kwa kuwa walisikia mshindo wa kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo hapo. Dar es Salaam, siku hiyo hiyo, wakafa 11. Daktari wa akili Frank Njenga na wenzake waliwachunguza Wakenya 2,883 katika miezi iliyofuata, na katika ripoti yao ya mwaka 2004 takriban theluthi moja ya watu hao walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na PTSD. Trauma ya wakati huo ilimhusu mtu ambaye mlango ukipigwa kwa nguvu anajitupa chini ya meza. Leo neno lile lile linambeba shabiki aliyeona penalti ikigonga mwamba.

Kiswahili nacho kina mfano wake, uliozaliwa vijiweni bila msaada wa Mgiriki. Arosto, wengine husema alosto, ni hali inayompata mtumiaji wa heroini akikosa dozi: mifupa inauma, kamasi na machozi yanachuruzika, tumbo linaharisha, usingizi unagoma, na mwili mzima unadai kitu kimoja tu. Mwaka 2011 ilipofunguliwa kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hali hiyo ndiyo dawa ilikuja kuituliza. Sasa kuna arosto ya chai, arosto ya kahawa, arosto ya tamthilia ya usiku. Neno limepanuka kwa njia zote mbili alizoeleza Haslam, chini na kando, wala hakuna mwongozo wa madaktari uliolisukuma.

Maneno yanapogeuka matusi

Njia ya pili ni ya zamani zaidi na inaumiza zaidi. Mwaka 1905 Alfred Binet wa Paris alitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Mmarekani Henry Goddard alikichukua kipimo hicho, na mwaka 1910 akapendekeza madaraja matatu. Idiot alikuwa mtu mzima mwenye akili ya mtoto asiyefika miaka mitatu, imbecile alifika miaka saba, na moron, neno alilolibuni mwenyewe kutoka Kigiriki, alikuwa kati ya miaka minane na kumi na miwili. Zilikuwa istilahi za kitabibu, zikiandikwa kwenye mafaili kwa mkono uliotulia. Haukupita muda zikawa matusi ya barabarani, na wataalamu wakazikimbia. Likaja jina jingine lenye maana ya akili iliyochelewa, nalo likachafuka hadi mwaka 2010 sheria ya Marekani ikaliondoa katika maandishi ya serikali ya shirikisho. Mwanaisimu Steven Pinker aliueleza mzunguko huu mwaka 1994: jina jipya huletwa ili kukwepa dharau, dharau inalifuata, na jina jingine linatafutwa.

Sisi tumeuzunguka mzunguko huo huo. Taahira liliandikwa bila kificho katika mambo ya elimu maalumu kabla halijawa kofi la mdomo. Likafuata mtindio wa ubongo, fungu refu la maneno lililoonekana salama kwa sababu ya urefu wake. Nenda uwanja wowote wa mpira wa watoto ulisikie: aliyekosa bao la wazi anaulizwa kama ana mtindio wa ubongo. Ulemavu wa akili, linalotumika sasa, bado lina heshima yake, lakini hakuna kinachoonyesha kwamba lina kinga kuliko yaliyotangulia.

Majina ya hospitali yenyewe yamekumbwa. Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, inatibu watu kila siku na kuwarudisha makwao. Mathari ya Nairobi imekuwapo tangu 1910. Kampala kuna Butabika, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Katika kila mji kati ya hiyo, kumwambia mtu apelekwe huko ni kumkata kauli. Matokeo yake si ya mdomoni tu. Familia yenye mgonjwa inamzungusha kwa mganga, kwa mwombaji na kwa ndugu wa mbali kabla ya kukubali rufaa, kwa sababu jina la hospitali limekwisha kuwa aibu kabla hawajafika getini.

Hata hivyo njia hii haiteremki tu. Chizi, ambalo asili yake ni mtu aliyerukwa na akili, vijana wa Dar es Salaam waliligeuza kuwa jina la rafiki: machizi wangu ni wenzangu, watu wangu. Nao wataalamu wanaweza kubadilisha jina na likaleta matunda. Hadi mwaka 2002 Wajapani waliita skizofrenia kwa maneno yenye maana ya ugonjwa wa akili iliyopasuka. Familia za wagonjwa ziliomba jina hilo liachwe, na chama cha madaktari wa akili kikachagua jingine linalosema kwamba uratibu wa akili umelegea. Kabla ya hapo madaktari waliwaambia jina la ugonjwa wagonjwa wasiozidi asilimia 37. Ndani ya miaka mitatu kiwango hicho kilikaribia asilimia 70. Daktari aliyekuwa akiogopa kulitamka jina la zamani mbele ya mgonjwa sasa alikuwa na jina linalotamkika. Faida ya namna hiyo haidumu milele, lakini kwa mgonjwa aliyeambiwa ukweli inatosha.

Maneno yanapopotoka

Njia ya tatu ni ya kupotoka: neno halipanuki wala halichafuki, linashika maana ambayo halikuwahi kuwa nayo. Skizofrenia ni mfano tena. Mswisi Eugen Bleuler alilitangaza mwaka 1908 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kupasuka na akili, akimaanisha kwamba fikra, hisia na matendo ya mgonjwa haviendi pamoja. Watu wakasikia kupasuka, wakapata picha ya mtu mwenye nafsi mbili, mpole mchana na muuaji usiku. Sinema zikaishika picha hiyo, na mgonjwa anayesikia sauti zisizosikika na wengine akajikuta anaogopewa kwa jambo ambalo halimhusu.

Ego limepotoka zaidi. Sigmund Freud aliandika Kijerumani cha kawaida. Aliposema sehemu ya nafsi inayopatanisha tamaa, dhamiri na hali halisi, alitumia neno ambalo kila mtoto wa Vienna alilitumia kujitaja mwenyewe, yaani mimi. Wafasiri wa Kiingereza wakiongozwa na James Strachey walilivika Kilatini ili lionekane la kisayansi, jambo ambalo Bruno Bettelheim alililalamikia katika kitabu cha mwaka 1983. Kilatini hicho kikarudi mtaani kikiwa na sura nyingine kabisa. Kijana wa Nairobi akisema fulani ana ego, anamaanisha majivuno. Kwa Freud mtu asiye na sehemu hiyo angesambaratika. Kwa kijana wetu mtu asiye nayo ndiye mtu wa watu.

Kwa nini umma hushika sehemu moja ya dhana na kuiacha nyingine? Mwanasaikolojia wa Ufaransa Serge Moscovici alilichunguza swali hili katika kitabu cha mwaka 1961, akifuatilia nadharia za Freud zilivyosambaa katika magazeti na mazungumzo ya Wafaransa. Aliona kwamba watu hawapokei nadharia nzima. Walilipenda wazo la mtu kuwa na kompleksi, wakamtafutia kila jirani ya kwake, lakini libido, yaani tamaa ya ngono, ambayo kwa Freud ilikuwa injini ya mambo yote, waliiacha pembeni kwa kuwa iligongana na maadili yao. Umma huchagua kile kinachosaidia kumweleza mtu mwingine kwa neno moja. Ndiyo maana bipola imekuwa sifa ya mtu asiyetabirika, ilhali kwa anayeumwa ni wiki nzima za kutolala, kutumia akiba yote na kujiona hashindwi na lolote, kisha miezi ya kushindwa hata kuoga. Ndiyo maana OCD imekuwa sifa ya usafi, ilhali mwenye ugonjwa huo anaweza kunawa mikono hadi ngozi ichubuke akijua fika kwamba haina uchafu, na asipate raha.

Wakati mwingine neno halikuanzia kwa wataalamu hata kidogo. Mwaka 1938 mwandishi Mwingereza Patrick Hamilton aliandika tamthilia iitwayo Gas Light, ambamo mume anamhadaa mkewe hadi mke aanze kutilia shaka akili zake. Taa za gesi zinafifia na mume anaapa hazijafifia. Kutokana na jina la tamthilia hiyo Kiingereza kilipata neno la hila hiyo, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka. Lilipofika mitandaoni kwetu lilikuwa limekwisha kulegea: mume akisema "sikumbuki kuahidi hivyo" tayari ametuhumiwa. Mtu anayesahau, mtu anayebisha na mtu anayepanga kwa miezi kumvuruga mwenzake akili wamewekwa katika kapu moja.

Maneno yanapopanda

Tukidhani maneno hutoka maabara yakashuka mtaani tu, tutakosea nusu ya hadithi. Stresi ilikuwa ya wahandisi, wakipima mzigo unaoelemea chuma, kabla Hans Selye hajaihamishia kwenye miili ya viumbe. Utafiti wake wa mwanzo juu ya panya ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1936. Na baadhi ya istilahi tunazoziona leo katika vipeperushi vya afya ya akili kwa Kiswahili zilikuwa za bibi zetu.

Kusonona ni kuumia ndani kwa ndani, na anayesonona ana lililomsononesha: kafiwa, kasalitiwa, kadharauliwa na wanawe. Wataalamu wa Tanzania walipolichukua sonona kuwa jina la ugonjwa ambao Kiingereza huuita depresheni, walilitaka libebe kitu cha ziada, hali inayoweza kumshika mtu bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana mgonjwa anayeambiwa ana sonona anaweza kujibu kwamba hajafiwa na mtu. Hajakataa ugonjwa wake. Anatumia neno kwa maana aliyoizoea.

Kiwewe kimepata mabadiliko makubwa zaidi. Katika mazungumzo mtu hushikwa na kiwewe papo hapo: golikipa anayeona washambuliaji watatu mbele yake, mwizi aliyewashiwa taa. Kikiisha kimeisha. Wafasiri walikichagua kiwe jina la trauma, ambayo sifa yake kuu ni kutokwisha, kumrudia mtu ndotoni miaka baada ya hatari kupita. Neno la dakika moja likapewa kazi ya miaka. Litaweza, kwa kuwa maneno hujifunza kazi mpya, lakini anayelitumia katika semina vijijini lazima alieleze.

Uraibu nao kwa wazee wa pwani ulikuwa tambuu na tumbaku, kiburudisho cha baada ya chakula ambacho mwenyeji alimkaribishia mgeni. Leo ndio istilahi rasmi ya utegemezi wa dawa za kulevya, na tayari imeanza kutanuka tena kwenda kwenye simu na kubeti. Hapo mtaa na wataalamu wanaelekea kukutana, kwani orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeutambua utegemezi wa kucheza kamari na wa michezo ya video.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba kupandisha neno la watu kunaweza kuokoa. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waathirika waliokosa pumzi na kushikwa na hofu ya ghafla walisema wana ihahamuka, na wauguzi na washauri wakajifunza kutibu wakianzia hapo. Zimbabwe, Washona wana kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipowafundisha bibi wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, mazungumzo yalianza na neno hilo. Matokeo ya jaribio la mpango huo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, yakionyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa, na mpango wenyewe umefika hadi Zanzibar. Nasi tuna mawazo. "Ana mawazo" ni sentensi ya maneno mawili ambayo kila mpokeaji wagonjwa wa zahanati ya Kiswahili anaijua, na ingefaa kuwa mwanzo wa maswali kuliko kuwa mwisho wake.

Nani anafaidi, nani anaumia

Faida ya kupanuka ipo, tena si ndogo. Zamani mwanamke aliyetukanwa, akafungiwa ndani na kunyimwa hela na mumewe kwa miaka hakuwa na kesi, maana hakupigwa. Dhana ya ukatili ilipotanuka ikagusa akili na hisia, sheria nayo ilifuata: sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inautaja ukatili wa kisaikolojia waziwazi. Mwanamume aliyelelewa kuambiwa kwamba machozi ni ya wanawake leo anaweza kumwambia mwenzake kijiweni kuwa ana stresi, na neno hilo la kuazima likamsitiri pale ambapo huzuni ingemfedhehesha.

Hasara nayo ipo. Mwanafalsafa wa Kanada Ian Hacking alieleza kwamba watu si kama mawe: ukiwapa jina, wanalisikia, wanajitazama kwa jina hilo, na wanabadilika kulifuata, hadi jina lenyewe lihitaji kubadilishwa. Mwaka 2023 watafiti Lucy Foulkes na Jack Andrews walipendekeza nadharia kwamba kampeni za uelewa wa afya ya akili, pamoja na kuwasaidia waliokuwa wakiumia kimya, huenda zinawafanya wengine waione hofu ya kawaida ya mtihani kuwa ugonjwa wa wasiwasi, wakaanza kuikwepa mitihani, na kwa kuikwepa hofu ikakua kweli. Ni nadharia inayoendelea kupimwa, lakini mwalimu yeyote wa kidato cha nne anaweza kuitambua picha hiyo.

Anayeumia zaidi ni mgonjwa mwenyewe. Akisema ana bipola, wenzake wanasikia kwamba ni kigeugeu. Akisema ana sonona, wanamwambia na wao walisononeka mwaka jana wakapona kwa kwenda ufukweni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na jina likishazoeleka kila mtu hudhani amekilalia. Upande wa pili kuna maneno mapana yenye meno ya sheria. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 5, inaruhusu sheria kumzuia raia kupiga kura kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuwa na ugonjwa wa akili. Katika dunia ambamo ugonjwa wa akili unaweza kumaanisha chochote kuanzia kukosa usingizi hadi kupoteza fahamu za mahali ulipo, maneno hayo matatu yanahitaji mipaka kuliko utani wowote wa mtandaoni.

La kufanya

Hakuna baraza la lugha litakaloweza kuliamuru neno trauma lirudi hospitali, na hakuna haja ya kujaribu. Kinachotofautisha matumizi ya kliniki na ya mtaani ni vipimo vinavyoambatana na neno. Ili daktari aseme ni sonona kwa kufuata mwongozo wa Marekani, anatafuta dalili zisizopungua tano kati ya tisa, zilizokuwapo karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, na zilizomvuruga mtu katika kazi au maisha yake. Dodoso linaloitwa PHQ-9, lililotungwa Marekani na sasa linatumika hata kwa Kiswahili, halimuulizi mtu kama ana sonona. Linamuuliza katika wiki mbili zilizopita ni siku ngapi hakulala, ni siku ngapi hakuona raha ya kufanya jambo lolote.

Kuhesabu siku za maumivu si jambo geni kwetu. Matanga yana siku zake, arobaini ina siku yake, eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi. Jamii ilimpa mfiwa muda wa kulia, ikamtazama, na ikajua wa kumwangalia kwa jicho la pili ni nani pale muda ulipopita naye hajainuka. Miongozo mipya ya madaktari inafanya jambo lile lile kwa huzuni isiyokwisha: Shirika la Afya Duniani linataka iwe imepita miezi sita, Wamarekani wanataka mwaka mzima kwa mtu mzima.

Basi wahariri wa redio na magazeti waache kuzitumia Mirembe na Mathari kama vichekesho. Hilo linawezekana kesho asubuhi. Watafsiri wa vipeperushi vya afya waeleze kiwewe na sonona kwa sentensi nzima, wasiridhike kuweka neno mahali pa neno. Na wewe msomaji, mtu akikwambia ana trauma, ana stresi au ana mawazo, usimcheke wala usimpe jina jingine. Muulize mambo matatu: tangu lini, inamjia mara ngapi, na nini alichokuwa akifanya ambacho sasa hawezi. Majibu yakikuogopesha, mpeleke kwenye huduma. Yakikutuliza, kaa naye mpaka amalize kusema.